Siku ya Kwanza ya Ski, Colorado
Kituo cha ski cha Arapahoe Basin, katika milima ya Colorado, Marekani, mara nyingi hufungua msimu mwezi Oktoba, kabla theluji ya asili haijatosha. Theluji ya siku ya ufunguzi hutengenezwa: usiku wa baridi, mashine hurusha hewani matone madogo ya maji, yakaganda kabla ya kutua. Hewa kavu huirahisisha sana kazi hiyo.

Njia zinazofunguliwa huwa chache na zenye msongamano, kwa hiyo mwendo wa pole ni lazima. Vifungio vya ski hukaguliwa mapema na fundi, kwani ndivyo vinavyoachia kiatu mtelezaji aangukapo, mguu usivunjike. Kwenye kimo cha zaidi ya mita 3,200, miguu isiyoteleza tangu msimu uliopita huchoka upesi. Mapaja yakianza kutetemeka, ni wakati wa kupumzika.