Chungu Kimoja, Hata kwa Mtoto

Msikilizaji, Iringa, Njombe na Rukwa ni mikoa inayolisha nchi. Hata hivyo, utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 uliikuta miongoni mwa inayoongoza kwa udumavu wa watoto. Ghala limejaa, mtoto amedumaa. Sababu ni nyingi, ila moja iko jikoni: mtoto akitimiza miezi 6 anaanzishiwa uji mweupe wa mahindi, mwepesi kama maji, na huo huo ndio anaoendelea nao. Unajaza tumbo, haumjengi.

Na chakula chake kipo, tena kwenye sufuria ya familia. Maharage yakishaiva, kabla hujatia chumvi na pilipili, mchotee vijiko vichache. Yaponde, yapitishe kwenye chujio maganda yabaki, changanya na kiazi kilichopondwa na mafuta kidogo. Kiwe kizito, kikae kwenye kijiko bila kuchuruzika. Kesho twanga dagaa wakavu, waliosafishwa vizuri, wawe unga laini, umnyunyizie kwenye ndizi zilizopondwa. Parachichi halihitaji hata moto. Maziwa ya mama yanaendelea. Asali isubiri mpaka atimize mwaka.

Wako akina mama wanaorudi kutoka shambani jioni wamechoka, na si haki kuwalaumu. Baba naye ana mikono, kuponda maharage hakumshindi. Na siku ya kliniki, wahudumu wasiishie kwenye mizani: wachukue bakuli na kijiko, wamwonyeshe mzazi uzito wa chakula chenyewe.