Maneno juu ya Soko la Walimaji



Tunataka kusema juu ya amri zinazomkataza mlimaji kuuza mazao kwa mnunuzi anayemtaka. Jambo hili si jipya katika Kongo. Bula Matari alilifanya zamani.

Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ilianzisha kilimo cha lazima. Mwaka 1921 dekreti iligawa inchi ya pamba kwa zoni. Kila zoni ilipewa kampani yake, na mlimaji hakuruhusiwa kuuza kwa kampani ingine. Dekreti ya 1933 ilitaja siku 60 za kazi hiyo kwa mwaka. Wakati wa vita, mwaka 1942, zikawa 120. Aliyekataa alilipa faini ao alifungwa.

Basi tufahamu. Mnunuzi akiwa mmoja, mizani ni yake na bei ni yake. Na siku za pamba mlimaji hakulima muhogo wala mahindi yake.

Hatusemi kila amri ni mbaya. Njaa ikiingia, serikali inaweza kuzuia chakula kisitoke inchi. Lakini tuulize: amri itaisha siku gani? Nani atanunua mazao yanayobaki, na kwa bei gani? Walimaji waliulizwa?

Sisi watu wa mshahara tunakula unga wao. Tukinyamaza kwa kupenda bei ya chini leo, kesho watalima chakula cha nyumba zao tu, na sisi tutakula nini? Amri isiyo na siku ya mwisho wala bei ya haki, tuikatae pamoja nao.