Ukisusa, Wenzio Wala: Fundisho Kutoka Iraki



Wazee wetu walisema: ukisusa, wenzio wala. Leo napenda tuupime ukweli wa usemi huo, na pia mipaka yake, kwa kutazama yaliyowapata Waarabu Wasuni wa Iraki.

Katika nchi hiyo Washia ndio walio wengi. Hata hivyo, Wasuni walishika nafasi kubwa katika utawala kwa miaka mingi, hadi Saddam Hussein alipoangushwa na majeshi yaliyoongozwa na Marekani mwaka 2003. Uchaguzi ulipofanyika Januari 30, 2005, Wasuni wengi waliususia. Hawakukosa sababu: majeshi ya kigeni yalikuwa bado nchini, na sehemu zao nyingi zilikuwa vitani. Lakini Bunge lililochaguliwa siku ile ndilo lililokabidhiwa kazi ya kuandaa katiba. Hivyo wawakilishi wa Wasuni waliongezwa baadaye katika kamati ya katiba kwa hisani ya wengine, wala si kwa kura za watu wao.

Kura ya maoni ilipigwa Oktoba 15, 2005. Katiba ingekataliwa iwapo theluthi mbili ya wapiga kura katika mikoa 3 wangeipinga. Anbar na Salahuddin zilifikisha kiwango hicho, Nineveh haikufikisha. Katiba ikapita.

Hapo ndipo vyama 3 vilipoungana na kuunda Tawafuq, neno la Kiarabu lenye shina moja na neno letu mwafaka. Katika uchaguzi wa Desemba 15, 2005, muungano huo ulipata viti 44 kati ya 275. Mmoja wa viongozi wake, Tariq al-Hashimi, akawa Makamu wa Rais. Mwingine, Mahmoud al-Mashhadani, akawa Spika wa Bunge. Kushiriki huko kulikuwa na gharama yake: katika mwaka 2006 peke yake, al-Hashimi aliuawa ndugu zake 3.

Je, kuketi mezani kulitosha? La hasha. Tawafuq ilidai wafungwa waliowekwa kizuizini bila mashtaka waachiliwe, vikundi vya wanamgambo vivunjwe, nayo ishirikishwe katika maamuzi ya usalama. Ilipoona haisikilizwi, Agosti 1, 2007 iliwaondoa mawaziri wake serikalini. Serikali ya Nouri al-Maliki haikuanguka, na Julai 2008 Tawafuq ikarudi.

Mwaka 2010 wapiga kura walitoa hukumu yao. Tawafuq ilibakiwa na viti 6 tu kati ya 325. Wasuni wengi waliupigia kura muungano wa Iraqiya, ulioongozwa na Ayad Allawi, Mshia asiyefanya siasa za madhehebu. Iraqiya iliongoza kwa viti 91, ingawa al-Maliki ndiye aliyeendelea kuwa Waziri Mkuu.

Ndugu zangu, tunajifunza nini? Kwanza, aliye mchache asiyaache mahali pa kutungia sheria, kwa maana sheria iliyotungwa pasipo yeye itamhukumu hata yeye. Pili, aliye mwingi asidhani kwamba amekwisha kutenda haki kwa kumpa mwenzake kiti. Kiti kisicho na sauti ni pambo, na mtu hawezi kuvumilia kuwa pambo siku zote. Tatu, muungano unaosimama juu ya dhehebu moja waweza kuwalinda watu wake kwa muda, lakini hao hao huchoka, wakatafuta nyumba pana zaidi.

Basi tunapokutana katika halmashauri zetu, kila mmoja ajiulize: ni nani amesusa hapa, na ni nani tuliyemkaribisha bila kumsikiliza? Wa kwanza tumfuate nyumbani kwake. Wa pili tumwombe radhi, kisha tunyamaze ili aseme.