Pampasi za wazee wetu: tusinunue tena kwa macho

Maneno ya mama mmoja wa komite katika mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika vile alivyoyasema.



Nimeombwa niseme juu ya kitu ambacho watu hawasemaki mbele ya watu. Wengine tunaita pampasi, wengine kushi, na sisi tuliotoka kambini Tanzania tulizoea kusema nepi. Ni ile nguo ya kuzuia mkojo, ya mtu mkubwa. Wavijana wanaocheka kule nyuma wacheke tu, zamu yao itafika.

Mnamjua mama yangu. Tuliporudi kwa meli kutoka Kigoma, yeye ndiye aliyewatuliza watoto wa watu usiku kucha. Mwaka jana mkaona ameacha kuja hapa, mkasema ni miguu. Haikuwa miguu. Usiku mmoja aliniambia: "Mwanangu, siku ile nilisimama kwenye benchi ya mkutano nikaacha alama. Kule sirudi." Kisha akaacha kunywa maji. Kikombe kimoja asubuhi, basi, akifikiri asipokunywa hatakojoa. Mkojo ukawa wa rangi ya chai kavu, unamchoma, na kukimbia chooni kukazidi. Nikampeleka santeri ya afya, wakakuta ana maambukizi kwenye njia ya mkojo. Alipotibiwa na kurudia kunywa maji, ile hali ilipungua sana. Iliyobaki ni ya uzee, na hiyo ndiyo tunaifunga pampasi.

Kwa hiyo, wandugu, muganga kwanza, pampasi baadaye. Kisukari kinaleta mkojo mwingi. Tezi ya wababa wazee inafanya kibofu kisimalize, kinabaki kinadondosha. Kiharusi pia. Na kuna wamama wadogo wanaovuja mkojo tangu walipozaa kwa shida, siku mbili tatu za uchungu. Mama wa namna ile, usimnunulie pampasi ukanyamaza! Ile ni fistula, ni tundu, na tundu linashonwa. Hospitali ya Panzi kule Bukavu inafanya upasuaji huo. Ukiwa naye nyumbani, njoo uniambie pembeni, sitasema jina.

Sasa kosa letu. Nasema letu kwa sababu na mimi niko ndani ya komite. Tulipata franga za wafadhili, tukaenda kwa muuzaji wa jumla. Alichukua pampasi moja, akamimina maji, yakamezwa yote, akaigeuza, hakuna tone. Tukapiga makofi. Tukanunua makatoni, yote ukubwa mmoja, mkubwa kabisa, tukisema kubwa inamfaa kila mtu. Wiki mbili baadaye wazee wakaanza kuturudishia. Zinavuja mapajani. Mzee mmoja alisema amevaa gunia.

Kubwa haizuii zaidi. Ikilegea kwenye paja, mkojo unapita pembeni kabla haujanyonywa. Ndogo nayo inakata ngozi na gundi inaachia. Chukua mita ya fundi, pima kiuno, pima pia makalio pale penye unene, kisha shika ile namba kubwa kati ya mbili. Kwenye paketi kumeandikwa santimita. Soma santimita, acha zile herufi za M na L, kwa sababu L ya kiwanda hiki inaweza kuwa M ya kiwanda kile. Hata yale matone yaliyochorwa kwenye paketi, kila kiwanda kinachora yake.

Tena kuna namna za pampasi. Ile ya gundi pembeni, mbili kila upande, ni ya mtu aliyelala au asiyeweza kusimama: unamgeuza ubavu, unaiweka, unafunga. Ile inayovutwa kama chupi ni ya anayetembea, inamwachia heshima ya kwenda chooni mwenyewe. Na kuna pedi ya kuweka ndani ya chupi, kwa anayedondosha kidogo tu, akikohoa au akibeba ndoo. Mama yangu anatembea, lakini sisi tulimpa ya gundi. Alikuwa ananisubiri mimi nitoke sokoni ndipo aende chooni. Fikirini hilo.

Na yale maji ya muuzaji? Ndani ya pampasi kuna pamba inayotoka kwenye mti, na kuna punje ndogo kama chumvi zinazomeza maji na kuwa kama ugali laini. Punje zile zinameza maji matupu kwa wingi kuliko maji yenye chumvi, na mkojo uko na chumvi. Muuzaji akimimina maji ya bomba, anakuonyesha nguvu ambayo mzee wako hataipata. Nimejaribu nyumbani: lita moja ya maji, kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi, nikoroge. Mimina mililita 300 polepole, pale katikati, kwa sababu mtu mkubwa akikojoa mara moja anaweza kufikisha hizo au kuzidi. Ngoja dakika tano. Weka kitambaa kikavu juu, kandamiza kwa kiganja. Kitambaa kikilowa, mzee wako atalala ndani ya maji. Kikibaki kikavu, mimina tena 300. Itakayovumilia mara mbili ndiyo ya usiku. Zile za makatoni yetu, kitambaa kililowa mara ya kwanza.

Angalieni pia kuta mbili ndogo za ndani, zenye mpira, zinazosimama kando ya mapaja. Zisipokuwepo, usinunue. Kabla ya kuvalisha, ikunje kwa urefu ili zisimame, na ukimaliza kufunga pitisha kidole kwenye paja usiache imejikunja kwa ndani. Gundi za chini zifunge zikielekea juu kidogo, za juu zielekee chini. Usivalishe mbili pamoja, ile ya ndani iko na plastiki nyuma, haipitishi kitu kwa ya nje, unapoteza franga bure. Na zile zinazouzwa moja moja kwenye mifuko, zilizofunguliwa sokoni wakati wa mvua, zishike kwanza: ukisikia mabonge ndani, zimeshakunywa unyevu.

Ngozi sitaongea sana. Osha, kausha, futa kutoka mbele kwenda nyuma, mafuta kidogo sana. Poda hapana, na mafuta mazito yanaziba pampasi isinyonye.

Bei. Tuseme, mfano tu, hii siyo bei ya soko: moja ni franga 1500 na unabadilisha mara sita kwa siku, nyingine ni 2500 na unabadilisha mara tatu. Ya kwanza ni 9000 kwa siku, ya pili 7500. Tulihesabu bei ya moja, hatukuhesabu siku. Na asiyeweza hata hiyo, mchana atumie taulo la pamba lililokunjwa, na kikaptula cha plastiki juu, afue kwa sabuni na kuanika juani, pampasi abakize kwa usiku. Nyumbani kwangu tunafanya hivyo siku nyingi.

Zilizotumika msitupe chooni, shimo linajaa na plastiki haiozi. Wala ziwani, watoto wanachota pale. Chimba shimo la takataka mbali na kisima, fukia.

Wafadhili wetu, asante, nasema kwa moyo. Lakini mkitaka kutusaidia tena, msitume makatoni kabla hatujawatumia vipimo. Mtu kumi wanaweza kuhitaji aina nne. Sisi kama komite tunaomba mkutano huu ukubali jambo moja: franga zilizobaki tununue paketi ndogo za viwanda vitatu, wazee watano wazijaribu wiki moja, usiku na mchana, waseme wenyewe. Ndipo tununue nyingi. Kama hamkubali, semeni leo, msiende kusemea njiani.

Mita iko kwangu. Juma mosi, kuanzia saa tatu asubuhi, nitapima wamama ndani ya chumba, mlango umefungwa. Wababa watapimwa na baba mweka hazina, naye amekubali, ingawa uso wake mnauona. Asiyeweza kutembea, tutamfuata kwake. Daftari litaandikwa namba, bila jina.

Na mama yangu yuko pale, kwenye benchi ya pili. Amekunywa chai vikombe viwili kabla ya kuja.