Tusimtoze Faini, Tumtembelee

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Naanza kwa kuungama. Mama mmoja wa kikundi chetu alijifungua, na mikutano mitatu hakuja. Mimi mweka hazina nikaandika faini mara tatu. Tukasema, "Siku hizi ana maringo." Kumbe halali hata mtoto akilala, chakula hakishuki, analia peke yake jikoni.

Jamani, hayo si maringo, si uvivu, wala si kukosa imani. Ni ugonjwa wa huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano huupata baada ya kuzaa. Hesabuni katika kikundi chenu.

Na unatibika. Huko vijijini Pakistani, utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulifuata wajawazito 903 wenye huzuni hiyo. Wengine walitembelewa na wahudumu wa kijiji waliofundishwa kumsikiliza mama na kutafuta njia pamoja naye. Mtoto alipofika miezi sita, kati ya kila mama 100 wa kundi hilo, 23 ndio walikuwa bado wagonjwa. Waliotembelewa bila mafunzo hayo, 53.

Basi sisi tufanye nini?

1. Mama aliyejifungua asitozwe faini. Asipoonekana, wawili waende kwake.

2. Mmoja ateke maji na kufua. Mwingine abebe mtoto, mama alale. Akitaka kusema, msikilizeni, msianze kumhubiria.

3. Mtoto akienda chanjo wiki ya 6, ya 10 na ya 14, mtu amsindikize. Mtoto atapimwa kilo. Mama naye amwambie muuguzi anavyojisikia.

4. Baba, kumshika mtoto usiku si aibu.

5. Akisema anataka kufa au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Mnamkumbuka Elia chini ya mti, akiomba afe? Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Safari ikafuata baadaye.

Faini zile tulizifuta. Yule mama sasa anakuja mkutanoni, mtoto mgongoni. Lakini tulichelewa. Ninyi msichelewe.