Kijana Wetu Anapoomba Nafasi ya Udaktari
Hotuba ya Kamati ya Elimu mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati ya Elimu imetutuma tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo mwaka huu lilitufikia kwa mara ya kwanza, nalo likatukuta hatuko tayari. Tumeona ni afadhali tulieleze wazi, pamoja na makosa yetu, ili lisitukute tena vivyo hivyo.

Binti wa mwanachama mmoja, mkazi wa mtaa wa Jericho, alikuja mbele yetu na karatasi mkononi. Ilikuwa tangazo la chuo kikuu kimoja cha Ulaya, kikitafuta mtu wa kusomea shahada ya udaktari katika saikolojia ya majaribio, kwa muda wa miaka minne, naye alipwe mshahara. Binti huyu alikwisha pata shahada ya pili hapa Nairobi. Alituomba mambo mawili tu: fedha za kulipia mtihani wa Kiingereza, na chumba chenye utulivu cha kuandikia jioni kwa majuma sita, maana nyumbani kwao watu saba hukaa vyumba viwili.

Nasi tulimjibuje? Mzee mmoja kati yetu aliuliza, "Daktari huyu atatibu ugonjwa gani?" Wa pili akasema tuitishe harambee ya karo. Wa tatu akasema kwamba habari ya kulipwa mshahara kwa kusoma ni ya matapeli. Basi tukaliahirisha shauri mpaka kikao kijacho. Na kikao kilipofika, siku ya mwisho ya kupokea maombi ilikuwa imekwisha pita kwa siku tisa. Hatukumkataza binti wetu, lakini tulimchelewesha, na mwisho wake ukawa ule ule. Kwa hayo Kamati imemwomba radhi, naye ametusamehe. Sasa yatupasa kuyajibu maswali yale matatu kama yalivyopasa kujibiwa siku ile.

Kwanza, elimu hii ni elimu gani? Si ya uganga wala ya hospitali. Ni elimu ya kupima namna akili ya mtu inavyofanya kazi: namna anavyoona, anavyokumbuka, anavyojifunza lugha, na anavyokata shauri. Haitosheki na maoni, hutaka jaribio. Wataalamu huhesabu mwanzo wake tangu mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani.

Binti wetu alituonyesha mfano. Alichukua kalamu ya wino wa kijani akaandika neno NYEKUNDU, akachukua ya wino wa buluu akaandika neno MANJANO, na kadhalika. Kisha akatuambia tutaje rangi ya wino, tusisome neno. Sisi tuliosoma tulisita na kukosea kama watoto. Lakini mama yetu mmoja, asiyejua kusoma, alizitaja rangi zote upesi bila kukwama, na chumba kizima kikacheka. Jaribio la namna hii lilitangazwa na John Ridley Stroop wa Marekani mwaka 1935, na hata leo hutumiwa na wataalamu. Siri yake ni kwamba mtu aliyezoea kusoma hawezi kulizuia jicho lake lisisome, ijapokuwa ameambiwa asisome. Katika maabara kusita huko hupimwa kwa mashine, kwa sehemu za elfu za nukta moja.

Mama yetu yule alitufundisha jambo kubwa kuliko alivyodhani. Ikiwa jibu la jaribio linategemea maisha ya mtu anayepimwa, basi ni muhimu sana nani anapimwa. Mwaka 2008 mtaalamu Jeffrey Arnett aliyachunguza majarida makubwa ya saikolojia, akaona kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa walitoka katika nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo watu wake ni kama asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Na mengi yaliyoandikwa juu ya akili ya binadamu yametoka kwa watu hao.

Hapa kwetu Kenya tunao ushahidi wa hasara hiyo. Mwaka 2001 wataalamu, miongoni mwao Robert Sternberg wa Marekani na Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walitangaza habari za watoto 85 wa Usenge, karibu na Ziwa Viktoria. Watoto hao waliulizwa juu ya dawa za miti shamba: ipi ni ya maradhi gani, na hunywewa kiasi gani. Kisha wakapewa mitihani ya maneno ya namna ya shule. Ilionekana kwamba waliozijua sana dawa, mara nyingi ndio waliopata alama za chini katika mitihani ile. Mtu aliyepima kwa mtihani wa shule peke yake angesema watoto hao hawana akili, na kumbe wanajua dawa za minyoo inayowasumbua wenzao.

Sasa mtazameni mtoto wa Makadara au wa Maringo. Nyumbani husema lugha ya mama yake, uani Kiswahili, barabarani Sheng, na darasani Kiingereza, naye huhama kutoka lugha moja hata nyingine pasipo kufikiri. Mtazameni na utingo wa matatu, anayekumbuka ni nani amelipa na ni nani anadai chenji, pasipo kuandika hata neno moja. Mtaalamu wa Ulaya hana watu hawa mlangoni pake. Kijana wetu amekua nao. Basi anapoandika kuomba nafasi, haendi mikono mitupu.

Swali la pili lilikuwa la karo. Wazee wetu, fikira hiyo ya harambee ina asili njema. Septemba mwaka 1959, kwa jitihada za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma huko, na wengine wengi wakawafuata katika miaka iliyofuata. Wazazi na jamaa walichanga shilingi shilingi ili watoto wapate za kujikimu. Wakati ule pengo lilikuwa la fedha, na harambee ilikuwa dawa yake.

Lakini nafasi tunayoizungumzia leo huja na fedha zake. Katika nchi kama Uholanzi na Sweden, mwanafunzi wa udaktari kwa kawaida huajiriwa na chuo kwa mkataba, hupata mshahara, wala halipi karo. Ujerumani nako nafasi nyingi ni za ajira ya namna hiyo. Nafasi hutangazwa kama kazi nyingine yoyote, ina siku ya kufungwa, na kwa kawaida hutaka shahada ya pili. Marekani desturi ni tofauti: kijana huomba kwa idara ya chuo, mara nyingi kabla ya mwisho wa Desemba, na aweza kukubaliwa hata kwa shahada ya kwanza. Masomo huchukua kama miaka mitano au zaidi. Akipata nafasi yenye msaada husamehewa karo na kupewa posho, naye husaidia kufundisha na kufanya utafiti. Kwa Uingereza kuna msaada wa masomo wa Jumuiya ya Madola, ulioanza kutolewa mwaka 1960.

Kwa sababu hiyo maombi haya si barua ya kuomba sadaka, na hapa ndipo vijana wetu wengi hujikwaa. Tumesoma barua zao. Huanza kwa kueleza umaskini wa nyumbani na vifo vya wazazi, na humaliza kwa kumwombea profesa baraka. Profesa huyo aweza kuhuzunika, lakini hatapata jibu la swali lake. Yeye anauliza: Je, mtu huyu aweza kuifanya kazi hii? Barua njema humwambia mambo manne. Ni swali gani la elimu linalomshughulisha mwombaji. Ni jaribio gani amekwisha lifanya kwa mikono yake, hata likiwa dogo. Anajua nini katika hesabu za takwimu na katika kuongoza kompyuta. Na kwa nini anataka maabara hii wala si nyingine. Vyombo vya kujifunzia havina bei: programu ya R ya kupigia hesabu, na PsychoPy ya kutengenezea majaribio, hupatikana bure kwa mtu yeyote mwenye kompyuta.

Barua za kumshuhudia mwombaji nazo zina desturi yake. Vijana wamemjia Mwenyekiti wetu, na chifu, na mchungaji, na imamu, wakitaka barua za sifa. Wote ni watu wa heshima, lakini barua zao hazina uzito katika jambo hili. Inayotakiwa ni ya mwalimu aliyemsimamia kijana katika utafiti, naye huipeleka mwenyewe moja kwa moja. Mwalimu ana kazi nyingi. Aombwe mwezi mmoja kabla, akumbushwe kwa adabu, na apewe tangazo lenyewe alisome.

Swali la tatu lilikuwa la matapeli, na mzee aliyeuliza hakukosea kuogopa. Wako watu katika mitaa yetu wanaouza nafasi za vyuo vya ng'ambo. Kipimo chetu na kiwe hiki: mtu yeyote anayetaka fedha ili akuhakikishie nafasi ni mwizi. Vyuo kadhaa vya Marekani hutoza ada ndogo ya maombi, lakini hulipwa kwa chuo chenyewe, na mara nyingine mwombaji aweza kuomba asamehewe.

Twaongeza la nne, ambalo halikuulizwa. Kijana akipata nafasi, mshahara ule umepimwa kwa mtu mmoja katika mji wa gharama kubwa. Tusimpigie simu kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya karo ya binamu na bati la nyumba. Tumesikia habari za vijana waliofanya kazi usiku ili kutuma fedha nyumbani, na masomo yakawashinda. Tusiulize pia mbona harudi upesi. Yuko mfano wa kututia moyo: Profesa Amina Abubakar alipata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, akiwachunguza watoto wa Kilifi, na kazi yake juu ya makuzi ya watoto imeendelea hapa hapa Kenya.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, Kamati inauletea Mkutano huu maazimio manne.

La kwanza: sehemu ya Mfuko wa Elimu itengwe kwa gharama ndogo za maombi, yaani mtihani wa Kiingereza, nakala za vyeti, na pasipoti.

La pili: maombi ya namna hii yaamuliwe na watu watatu katika muda wa siku saba, yasingoje kikao.

La tatu: chumba cha nyuma cha ofisi yetu kifunguliwe jioni kwa wanaoandika, na kwa wanaohojiwa kwa njia ya kompyuta, nasi tusipange ngoma wala mkutano saa hizo.

La nne: anayekataliwa asaidiwe kuomba tena. Kwa nafasi moja hujitokeza waombaji wengi, na kukataliwa si aibu kwa kijana wala hasara kwa Mfuko.

Binti wetu wa Jericho ameomba mahali pengine pawili, na wakati huu barua zake zilifika kabla ya siku. Majibu bado hayajaja. Yakija ya kheri tutashangilia pamoja. Yakija kinyume, ataukuta mlango wa ofisi yetu umefunguliwa, na kiti chake mahali pake.