Je, Robert Wangila Angalikuwa Bingwa wa Dunia?

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa mbele ya wapenzi wa mchezo wa ngumi mjini Nairobi.)



Neno nitakalolisema leo nililipata kwa kijana mmoja anayejifunza ngumi hapa mjini, ambaye anakusudia kwenda ng'ambo kupigana kwa fedha. Aliniuliza hivi: "Mzee, Wangila angaliishi, angalikuwa bingwa wa dunia?" Wenzangu waliokuwapo walimjibu mara moja, "Bila shaka!" Mimi nilinyamaza. Kijana atakaye kuifuata njia ile ile yampasa apewe jibu la kweli, wala si sifa za marehemu tu.

Natuanze na mambo yasiyo na ubishi. Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Korea ya Kusini, mwaka 1988, akiwa na umri wa miaka 21, alishinda nishani ya dhahabu ya uzito wa welta. Kabla yake hapakuwa na Mwafrika mweusi wa nchi yoyote ya kusini mwa Sahara aliyepata dhahabu ya ngumi katika Olimpiki. Mwaka ule Kenya ilipata dhahabu 5. Nne zililetwa na miguu ya Paul Ereng, Peter Rono, Julius Kariuki na John Ngugi. Ya tano ililetwa na mikono ya Wangila. Hata leo dhahabu nyingine zote za Kenya katika Olimpiki zimetoka katika riadha.

Wako wasemao kwamba ushindi ule ulikuwa wa bahati. Husema kuwa Wakuba hawakwenda Seoul, na kwamba katika nusu fainali Jan Dydak wa Poland alikuwa ameumia, hata Wangila akapita bila kurusha konde. Hayo ni kweli, nami siyafichi. Lakini mtazameni yule aliyemngoja katika fainali: Laurent Boudouani wa Ufaransa. Mfaransa huyo alikuwa amemtoa Kenneth Gould wa Marekani, bingwa wa dunia wa ridhaa wa mwaka 1986. Basi huyo aliyemshinda bingwa wa dunia aliangushwa na Wangila katika raundi ya pili, asiweze kuendelea. Bahati haiangushi mtu wa namna hiyo. Tafadhali likumbukeni jina la Boudouani, maana nitalirudia.

Mwaka 1989 Wangila aliingia katika ngumi za kulipwa, huko Marekani. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa ngumu. Alipigana mara 27, akashinda 22, na katika hizo 16 alimaliza kabla ya wakati. Alishindwa mara 5. Kwa mtu wa kawaida hizo ni hesabu nzuri sana. Kwa mtu atafutaye mkanda wa dunia, kushindwa mara 5 katika miaka mitano ni jambo la kufikiriwa.

Kwa nini alishindwa? Mimi naona kwamba watu wengi hudhani ngumi za ridhaa na ngumi za kulipwa ni mchezo mmoja, ila mmoja una fedha. Sivyo hata kidogo. Kule Seoul pambano lilikuwa raundi 3 za dakika 3, yaani dakika 9 tu, na kila mpiganaji alivaa kofia ya kukinga kichwa. Katika ngumi za kulipwa kofia huvuliwa, na raundi huwa 10 au 12. Mtu mwenye konde zito kama la Wangila aweza kuimaliza kazi yake katika dakika 9, na mpinzani asipate nafasi ya kumsoma. Lakini adui akistahimili mpaka raundi ya saba, ya nane, konde limepungua nguvu na pumzi imekwisha; hapo panatakiwa ufundi wa kujikinga, ambao haujifunzwi kwa haraka. Philip Waruinge wetu, aliyepata kombe la fundi bora wa ngumi katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alijaribu kutwaa ubingwa wa dunia wa kulipwa mwaka 1976 na hakufaulu. Na ufundi wa Waruinge, nadhani hapana mtu humu atakayeubisha.

Tena mlango wenyewe ulikuwa umezibwa na majabari. Katika ratili 147, uzito wa Wangila, mwaka 1994 mikanda ilikuwa kwa Pernell Whitaker, kwa Felix Trinidad, na tangu mwezi wa Juni kwa Ike Quartey wa Ghana, Mwafrika mwenzetu ambaye naye alikuwako Seoul. Wakati ule Wangila asingalimpata hata mmoja wao. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ndivyo nionavyo.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa alilisimamisha pambano. Wangila alipinga, alitaka kuendelea. Baadaye, katika chumba cha kuvalia, alizirai. Madaktari walimpasua kichwa, lakini hakuzinduka tena. Alikufa tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26.

Watu huuliza, mtu aliyekuwa akisimama na kubishana na refa alikufaje? Kichwa kikipigwa mara nyingi, ubongo hutikisika ndani yake, na mishipa midogo ya damu yaweza kukatika. Damu huvuja polepole na kuugandamiza ubongo. Kwa muda mtu huyo husema, hutembea, hata hukasirika, naye kifo amekwisha kukibeba. Kwa hiyo ninyi mnaowazomea marefa wanaposimamisha pambano, nawaomba mzime midomo. Refa wa siku ile hakusimamisha mapema mno.

Sasa narudi kwa Boudouani. Mfaransa huyu hakukimbilia Marekani baada ya kuangushwa. Alikaa kwao, akajenga jina lake Ulaya pole pole, akaongeza uzito mpaka ratili 154. Mwezi wa Agosti 1996, miaka minane baada ya Seoul, alimshinda Julio César Vásquez akawa bingwa wa dunia, na mkanda ule alikaa nao mpaka mwaka 1999. Siku alipoutwaa, Wangila angalikuwa na umri wa miaka 28.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni hili. Katika ratili 147, kwa jinsi alivyokuwa akipigana mwaka 1994, hapana, asingalikuwa bingwa. Lakini kama angalipumzishwa baada ya kushindwa mara ya tatu au ya nne, akapandishwa uzito kama Boudouani, akapewa mwalimu wa kumfundisha kuzitumia raundi 12, naamini angalifika. Konde lilelile lililomwangusha Mfaransa halikuwa limekufa. Mapigano yake 16 yalimalizwa kwalo.

Kijana aliniuliza tena, "Basi, Mzee, nisiende?" Nilimwambia aende, lakini kwanza aulize ni nani atakayesimama pembeni yake katika raundi ya tisa, na kama mtu huyo ana moyo wa kurusha taulo.

Naona mikono imekwisha kuinuliwa kule nyuma. Haya, mabwana, mnaopinga semeni.